Nilichomwibia Yule Mzee

Desemba moja nilijaza mvinyo wa boksi kwenye chupa ya Bordeaux ya 1996, nikammiminia mzee mmoja, akanywa na kufurahi. Tangu usiku huo najiuliza nilimwibia nini. Si pesa, maana alikuwa mgeni na hakutoa hata shilingi. Si ladha, maana aliisifu mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Na bado najua kuna kitu nilichukua.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka huo, nabangaiza, na wikendi nilifanya kibarua cha kuhudumu kwenye sherehe. Shati jeupe, suruali nyeusi ya kuazima, elfu moja mia tano kwa usiku. Hii ilikuwa Karen, mume na mke wakiadhimisha miaka 25 ya ndoa, na mwenye sherehe alikuwa ameagiza chupa sita za mvinyo wa mwaka waliooana. Chupa sita kwa watu themanini, hebu fikiria. Zilikuwa za meza kuu tu, na kufikia saa tatu zilikuwa zimekwisha. Saa tatu u nusu ndipo akaingia rafiki yao wa zamani, amekwama kwenye msongamano wa Ngong Road tangu jioni, na kumbe ndiye hasa aliyekuwa akingojewa. Mwenye sherehe aliona aibu. Akamnong'oneza bosi wetu, bosi akanivuta nyuma ya hema. Tulikusanya masalia ya chupa zote sita, yakafika labda robo chupa. Iliyobaki tukaijaza kwa faneli kutoka kwenye boksi la lita tano, lile la Afrika Kusini ambalo wageni wengine walikuwa wanakunywa tangu mchana. Nikapangusa shingo ya chupa, nikapeleka.

Yule mzee alizungusha glasi, akanusa kwa muda mrefu macho yamefumba, akaonja. "Ajabu hii," akasema. "Bado mbichi kabisa." Akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu. "Kijana, unajua nyumbani nina kasha la huu huu? Chupa kumi na mbili. Ni mwaka aliozaliwa binti yangu."

Akanieleza, kama mtu anayefurahi kupata wa kumsikiliza. Mwaka 1997 alikuwa anafanya kazi London. Mvinyo wa Bordeaux huuzwa ungali ndani ya mapipa: zabibu huvunwa Septemba na Oktoba, majira ya kuchipua yanayofuata wafanyabiashara huja kuonja, bei hutangazwa, na mtu hulipa leo kwa kitu kitakachotiwa kwenye chupa na kumfikia baada ya miaka miwili hivi. Yeye alilipa. Kasha likaja 1999, akarudi nalo Nairobi, akalijengea kachumba ka baridi chenye jenereta yake, stima zikipotea. Walifungua chupa moja tu, binti alipofika miaka 18, na ilikuwa bado inakaza ulimi. Alikuwa amepanga kufungua nyingine Aprili, binti akija kutembea. "Nilidhani imeshaiva," akasema. "Lakini sasa nimeonja hii, acha zikae. Miaka kumi tena, labda zaidi."

Nikasema, "Sawa, mzee."

Ni rahisi kucheka kisa hiki, na mimi mwenyewe nilikisimulia kwa kucheka mara kadhaa kule mtaani. Wasee hulipenda. Tajiri amekunywa mvinyo wa boksi akausifu kama uji wa bibi yake! Na ukitaka ushahidi kwamba wapenda mvinyo hujidanganya, upo wa kutosha. Mwaka 2001 mtafiti Frédéric Brochet aliwapa wanafunzi 54 wa mvinyo pale Bordeaux glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno yaleyale wanayotumia kuelezea mvinyo mwekundu. Macho yaliwahi, ulimi ukafuata. Kwa hiyo hoja ya mtaani inakwenda hivi: kama hawawezi kutofautisha, basi tofauti haipo, na asiyejua ameibiwa hajaibiwa.

Niliamini hoja hiyo kwa muda. Ilinifaa.

Halafu nikasoma kuhusu Rudy Kurniawan, kijana wa asili ya Indonesia aliyekuwa akiishi California. Huyu alikuwa na ulimi wa ajabu, na alipendwa. Mwaka 2006 peke yake, mivinyo iliyotoka kwake iliuzwa katika minada miwili ya New York kwa karibu dola milioni 35. Machi 2012 FBI waliingia nyumbani kwake wakakuta vizibo, mihuri, maelfu ya lebo, na chupa zimelowekwa ili lebo zibanduke. Alikuwa anachanganya mivinyo jikoni, mikuukuu ya bei nafuu na michanga, mpaka ladha ifanane na ile iliyokusudiwa. Mwaka 2014 alihukumiwa miaka kumi jela. Tuseme ukweli, siwezi kuwalilia mabilionea walionunua chupa zake. Wengi walizinywa wakafurahi, na walikuwa na nyingine. Sisi husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mara nyingi lawama humwendea mgema. Lakini pale mezani kwa Kurniawan wasifuji walikuwa na kazi yao pia. Walitaka chupa za miaka ambayo chupa zake karibu zimekwisha duniani, na walizitaka kila wiki.

Mtu aliyenishtua katika kisa kile si tapeli wala tajiri, ni mkulima. Laurent Ponsot hutoka ukoo wa watengeneza mvinyo wa Burgundy. Mwaka 2008 alipata habari kwamba New York kunauzwa chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la ukoo wake, baadhi zikiandikwa 1945. Ukoo wake ulianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Akapanda ndege, akaenda mwenyewe kwenye mnada kuhakikisha zimeondolewa. Sasa jiulize: yeye aliibiwa nini? Hakuna aliyechukua hata tone kutoka ghalani kwake. Ukiangalia kibiashara, chupa kuukuu zinazopiganiwa mnadani zingempandishia jina tu. Lakini kuna mtu alikuwa amekaa jikoni California akiwatungia wazazi wake miaka ambayo hawakuifanyia kazi. Mavuno ambayo hayakuwahi kuvunwa. Mimi naona alichokwenda kukitetea ni kalenda ya nyumbani kwao.

Nimezaliwa Kilifi, na marehemu babu yangu alikuwa mgema. Tembo la mnazi haliwekwi. Linagemwa asubuhi, linagemwa jioni, tamu lake ni la saa chache, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Hakuna mtu mangweni mwenye ghala la mnazi, na hakuna anayejivunia mnazi wa mwaka aliozaliwa mtoto wake. Nilipokuwa mdogo niliona hilo kama ufukara wa kinywaji chetu. Siku hizi naliona kama ulinzi. Babu akitia maji asubuhi, jioni wanywaji wanamjia na mirija mkononi, na kijiji kizima kinajua. Uongo wa mnazi hauishi siku mbili.

Mvinyo wa kukaa ni kitu kingine kabisa. Ukiwa mchanga unakaza mdomo kama pera bichi. Unalala ubavu gizani, kwenye nyuzi 12 au 13, na polepole ule ukali wake unajifunga na kuzama chini kama mashapo, rangi inatoka zambarau na kuelekea ya tofali. Hakuna anayeuona ukifanya hivyo. Chupa imezibwa, na ukiifungua kuangalia, umeimaliza. Kwa hiyo anayeuweka hana njia ya kujua ila kuamini: alama kwenye kizibo, neno la muuzaji, na zaidi ya yote, chupa za wenzake. Mwenye kasha akikutana na chupa ndugu mahali fulani, anaionja ili ajue zake zimefika wapi. Ni kama kumuuliza jirani habari za mwanao aliye mbali.

Hiyo ndiyo habari aliyokuja kuiuliza yule mzee usiku ule, na mimi ndiye niliyejibu. Nikamjibu kwa boksi la lita tano la mwaka uleule. Ulikuwa mbichi kwa sababu ulikuwa mbichi kweli! Rangi ingemwambia, lakini taa za hema zilikuwa za njano, na nadhani alitaka kuamini. Nani hataki kusikia kwamba bado kuna muda?

Kwa hiyo pale aliponiambia miaka kumi tena, hakuwa anakosea ladha. Alikuwa anapanga maisha yake kwa kipimo nilichokichezea nyuma ya hema. Pengine mvinyo wake ulikuwa umeiva Aprili ile. Pengine bado uko sawa, maana Bordeaux nzuri ya 1996 inaweza kukaa sana. Lakini pengine chumba chake, pamoja na jenereta, si baridi kama alivyodhani, na kila mwaka unaopita matunda yanapungua ndani ya chupa naye anangoja, akiwa na uhakika kwa sababu aliuonja kwa ulimi wake mwenyewe.

Kuna watakaosema kosa ni lake. Mtu mzima anawekaje kinywaji miaka 25, si kinywaji ni cha kunywa? Nami pia kulimbikiza hunikera, hasa nikikumbuka kwamba chupa zile sita pengine zilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwaka. Lakini yeye hakuwa analimbikiza. Alikuwa na miadi na mtu mmoja, na nimeiahirisha mimi.

Wala siwezi kujificha nyuma ya bosi. Kujaza niliambiwa, ni kweli. Kunyamaza hakuna aliyeniambia. Alinigeukia uso kwa uso, akanieleza habari za binti yake, na nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Niliipima nikaona itanigharimu kibarua, nikaiweka mfukoni.

Alipokuwa anaondoka alinipa elfu moja, akaniomba ile chupa tupu. Alitaka kuiweka kando ya kasha lake. Niliifunga kwa gazeti nikampelekea hadi kwenye gari, akanishukuru.

Sina namba yake, na mwenye sherehe hawezi kunipa bila kujiaibisha. Basi nasema hapa, likimfikia limfikie. Mzee, ile chupa uliyonayo ni ya kweli na lebo ni ya kweli, yenye doa jekundu karibu na mwaka. Ulichokunywa humo hakikuwa chenyewe. Usiihesabu. Mpigie binti yako, na akija fungua moja ya zile zako.