Zizi la Kioo

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii hutumika kuwahukumu mafahali: wana kiburi, hawajui kushirikiana, basi mmoja wao atoke. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za zizi. Zizi halikujiotea kama uyoga. Yupo aliyelijenga, akalipima urefu na upana wake, akawatia mafahali ndani, kisha akafunga lango. Pembe zikishagongana, je, lawama ni ya wenye pembe peke yao?

Swali hili laweza kutazamwa kwa karibu, tena kwa utulivu, katika baadhi ya sebule za Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, ambako tangi la samaki wa mapambo huwekwa kando ya televisheni. Miongoni mwa samaki wanaopendwa na wafugaji ni beta, mwenye mapezi marefu kama mtandio wa hariri, na binamu yake gurami, mwenye nyuzi mbili kifuani anazopapasia mbele yake kama mtu apitaye gizani. Wote wawili wanaiweza hali ya jiji lile. Joto la pwani linawatosha. Na umeme ukikatika, kama ulivyokatika katika migao ya mwaka 2006, 2011 na 2023, pampu ya hewa husimama na samaki wengine huanza kutweta. Beta na gurami hupanda juu, wakavuta pumzi, wakashuka.

Siri yao imo kichwani. Juu ya matamvua wana kiungo cha pili cha kuvutia hewa, chenye mikunjo na vijia vingi hata wataalamu wakakifananisha na jumba la vichochoro. Mkaazi wa Mji Mkongwe hahitaji maelezo zaidi. Asili yao ni mabwawa, mitaro na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Huko dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, akayalinda mayai yaliyomo, na kumfukuza kila asogeaye. Ukali wake, kwa maumbile, ni ukali wa baba aliyesimama mlangoni pake.

Lakini mkono wa mwanadamu umeuzidisha. Nchini Thailand, iliyoitwa Siam hapo zamani, beta walichaguliwa na kuzalishwa kizazi baada ya kizazi ili wapiganishwe na watu wacheze kamari. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa samaki huyu amekuwa mikononi mwa wafugaji kwa muda usiopungua miaka 1,000. Tabia anayolaumiwa nayo leo, basi, ina wazazi wawili: maumbile, na mtu aliyeipenda tabia hiyo akaikuza.

Kwenye bwawa, ugomvi wa madume wawili haudumu. Aliyezidiwa hukunja mapezi, akazama majanini, na mshindi hurudi kwenye kiota chake. Katika tangi dogo aliyezidiwa hukimbia mpaka kwenye kioo, akageuka, akamkuta adui yule yule. Hana pa kwenda. Beta humwona gurami mwenye rangi kali kana kwamba ni beta mwenzake. Gurami naye huweza kuyanyofoa mapezi ya beta mpaka yakawa matambara. Katika lita 20 za maji wazi, kuwaweka pamoja ni kuwapiganisha kwa jina jingine. Katika lita 100 na zaidi, penye mimea iliyosongamana na yenye kuelea, kwa beta mmoja na gurami wapole, pana matumaini, dhamana haipo.

Hapa lipo jambo zito kuliko ukubwa wa tangi. Beta atanuapo mapezi na kufungua matamvua, wageni hushangilia. Wapo wanaomwekea kioo cha kujitazamia ili atanuke mbele ya watu, naye huishambulia sura yake mwenyewe. Uzuri ule ni hasira. Mwenye kupenda mambo mazuri, na wapenzi wa mashairi wamo humu, hana budi kujiuliza: je, ni halali kustarehe kwa uzuri ambao mwenyewe aliye nao anaulipia kwa fadhaa? Kusema kwamba samaki hana akili ya kulalamika hakulijibu swali hilo. Asiye na ulimi wa kushitaki ndiye hasa anayemtegemea mwenzake kuwa na dhamiri.

Watu wa Temeke na Kinondoni wangeweza kulijibu kwa maisha yao. Ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Katika nyumba moja huweza kukaa kaya tano au sita za makabila na dini mbalimbali, bila undugu wala hiari ya kuchaguana. Amani yao huhifadhiwa na vitu vidogo. Mlango huachwa wazi mchana, lakini pazia hushushwa. Anayepita ukumbini hupiga hodi, wala hachungulii. Aliyegombana na mwenzake jikoni huvuta pazia lake, akakaa ndani mpaka moyo upoe. Mimea ndani ya tangi hufanya kazi ya pazia lile: humpa mnyonge mahali ambapo jicho la mwenye nguvu halifiki. Na mwenye nyumba anayegawa chumba kimoja kwa mbao ili apate kodi mbili, asishangae kusikia matusi usiku.

Huenda ikasemwa kwamba mtu si samaki, kwa kuwa mtu ana maneno. Ni kweli, na pwani hii inajua. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo kali kwa niaba ya miji yao. Tungo hazikuzuia vita vya Shela. Lakini majibizano yao yalihitaji kwamba mmoja anyamaze ili mwenzake apate nafasi ya kujibu. Nafasi hiyo ndiyo mtu aliyojaliwa kujitengenezea kwa ulimi. Samaki hutengenezewa, au hunyimwa.

Kwa hiyo dhima ni ya anayeshika chombo. Wapo watakaoona kuwatenga samaki wawili ni kushindwa, kana kwamba ujirani ni lazima uwe wa chumba kimoja. Lakini mwenye busara hukubali kwamba baadhi ya viumbe huheshimiana vyema kwa kutoonana, naye huweka chombo cha pili tayari, chenye maji yaliyokwisha kutulia, kabla ya ugomvi wa kwanza. Na kabla ya kwenda kumnunua gurami, hukaa mbele ya tangi lake jioni moja, akahesabu ni mahali pangapi mle ndani ambapo samaki anaweza kujificha asionekane. Akikuta hapana hata pamoja, ameshajua zizi hilo ni la nani na kosa litakuwa la nani.