Dozi Moja kwa Kila Mtu: Je, Ni Haki?



Sisi tunaoishi kwa mgao tunalijua swali hili vizuri. Yakija mafuta lita kumi na familia ni ishirini, je, familia kumi zipewe lita moja moja na kumi zikose, au zote zipewe nusu nusu? Kwa mafuta hatubishani sana: kila nyumba ipate chochote. Lakini je, chanjo nayo yafaa kugawanywa hivyo?

Hapa Cabo Delgado hili si swali la darasani. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu tarehe 25 Aprili 2019. Siku chache baadaye kipindupindu kikafuata, na mwezi Mei watu wa Pemba, Metuge na Mecufi wakapewa chanjo ya kunywa. Mwaka 2020 ugonjwa ulizuka Mocímboa da Praia, Ibo na Macomia. Oktoba mwaka huohuo, maelfu ya watu waliokimbia vita walikuwa wakishushwa na majahazi ufukoni Paquitequete. Watu wakisongamana, vyoo vikawa vichache na kisima kikawa kimoja, kipindupindu hakikawii.

Kwanza tuelewe chanjo yenyewe. Ndani yake mna vijidudu vya kipindupindu vilivyokwisha kuuawa. Haviwezi kutuuguza, lakini mwili huvitambua na kujifunza kupigana navyo. Dozi ya kwanza hufundisha. Ya pili, inayotolewa angalau wiki mbili baadaye, hukazia somo. Aliyepata mbili analindwa kwa miaka 3 hivi. Aliyepata moja analindwa pia, ila kwa muda mfupi zaidi.

Mwaka 2022 kipindupindu kilizuka katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na chanjo haikutosha. Oktoba mwaka huo, kamati ya kimataifa inayogawa akiba ya dharura, wakiwamo Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Msalaba Mwekundu na Médecins Sans Frontières, iliamua kwamba penye mlipuko kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili.

Mama wa kambini ana haki ya kuuliza: "Kama dawa kamili ni dozi mbili, kwa nini mwanangu apewe moja? Yeye ni nusu mtu?" Tusimnyamazishe mama huyo. Anachodai ni kwamba mgonjwa si hesabu, na anayetibiwa atibiwe kikamilifu. Lakini akiba ikiwa ndogo, dozi ya pili ya mtoto wangu ndiyo dozi ya kwanza ya mtoto wa jirani. Dozi ya kwanza humtoa mtu katika kukosa kinga kabisa. Ya pili humrefushia kinga aliyo nayo. Tena majirani wakichanjwa wengi, ugonjwa hukosa njia ya kupita, hata kwa yule ambaye hakuchanjwa. Kwa hiyo tunasema uamuzi ule ulikuwa wa haki.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hesabu ya "kila mtu moja" inalificha. Dozi ileile haiwapi wote kinga ileile. Watoto chini ya miaka 5 hulindwa kidogo sana na dozi moja kuliko watu wazima. Mchanga asiyetimiza mwaka 1 hapewi kabisa. Mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na ugonjwa, au na dawa zinazopunguza nguvu ya kinga, huenda mwili wake usijifunze vizuri hata akichanjwa. Tumegawana sawa kwa mkono, lakini mwilini hatukupata sawa. Basi aliyepata zaidi ana deni kwa aliyepata pungufu. Mtu mzima aliyekunywa dozi yake asiseme "mimi nimemaliza". Kumaliza kwake ni kutibu maji kwa klorini au kuyachemsha, kutumia choo, na kunawa kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto. Mtoto akianza kuharisha, apelekwe kituo cha afya mara moja; njiani anyweshwe maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Deni la pili ni la wanaogawa: waseme ukweli. Watu waambiwe wazi kwamba ni dozi moja kwa sababu ya uhaba, na kwamba italinda kwa muda tu. Penye ukimya uvumi huingia. Tarehe 7 Aprili 2024, watu waliojaa katika chombo kimoja kutoka Lunga, mkoani Nampula, walikuwa wakikimbia kwa hofu ya kipindupindu iliyochochewa na habari za uongo. Chombo kilizama na watu zaidi ya 90 walikufa, wengi wao watoto. Hofu iliwaua kabla ugonjwa haujawafikia.

Na mwisho, ndugu zetu, tusichanganye mambo mawili. Kugawana vizuri kilicho kidogo ni haki. Lakini hakuufanyi uchache wenyewe kuwa haki. Uamuzi ule ulipotolewa, kampuni zilizoijaza akiba ya dunia nzima zilikuwa mbili tu, moja ya Korea Kusini na nyingine ya India, na ile ya India ikaacha kutengeneza. Kipindupindu ni ugonjwa wa wasio na maji safi, na wasio na maji safi si wateja wanaokimbiliwa. Kwa hiyo tupokee dozi yetu moja kwa shukrani, tumwachie jirani yake, tuwalinde wadogo wetu. Na wakuu wakija kututembelea, tusiombe turubai peke yake. Tuombe na kisima.