Mgeni wa Kombe

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua katika Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja, mchanga ukabaki wazi hata macho yakachoka kuutazama, mpita njia hana budi kuangalia akanyagapo, kwa kuwa mle mchangani wamesimama kombe wa jamii ya Pinna, ncha chini na ukingo juu, mkali kama wembe. Na ndani ya kombe hao mara nyingi hukaa kijikamba, pengine viwili, dume na jike.

Mgeni huyu aliwashughulisha wanafalsafa tangu kale. Aristotle alimwita mlinzi wa kombe, akadai kwamba kombe akinyang'anywa mlinzi wake hufa upesi. Na Cicero, Mrumi, alipozieleza hoja za wale waliotaka kuthibitisha kwamba ulimwengu huendeshwa kwa hekima ya Mungu, alisimulia jinsi kombe anavyoachama hata visamaki vikaingia, ndipo rafiki yake humfinya, akafumba, wakagawana windo. Hata Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe aliyefariki Yemen mwaka 1763 katika safari ya mfalme wa Denmark, kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1775 kilimpa kijikamba wa namna hii jina la Kilatini lenye maana ile ile: mlinzi.

Habari yenyewe si hiyo. Kombe hawindi samaki. Huvuta maji, akayachuja, akala chembe zisizoonekana, na mgeni hudokoa katika chakula kilichokwisha kukusanywa. Hafinyi, haonyi, halipi kodi. Vijikaa vingine, vikaavyo ndani ya chaza, ni vibaya zaidi, kwani huyajeruhi matamvua ya mwenyeji.

Sisemi kwamba pwani nzima ni ya wadokozi. Yuko kamba mchimbaji, asiyeona mbali, azoaye mchanga wa shimo lake kutwa huku kisamaki kimesimama mlangoni. Kamba hatoki ila kipapasio chake kimegusa mwili wa mwenziwe, na kisamaki kikitikisa mkia, wote wawili wamo ndani. Lau Wayunani wangalimjua huyu, wasingalihitaji kubuni. Wala nafuu na madhara hayapambanuki upesi: katika matope ya Bahari ya Kaskazini, mnyoo mkubwa amezaye mchanga na kuurundika juu humbomolea jirani mdogo nyumba yake, na papo hapo huteremsha maji yenye hewa mahali palipokuwa pameoza.

Lakini kosa linishangazalo si la macho, ni la fikira. Kwa nini wenye hekima walitaka mno kijikamba kiwe na kazi? Nadhani hawakuweza kuustahimili ulimwengu umpao makazi na chakula asiyemtumikia yeyote. Wakaifanya riziki kuwa ujira. Mwanachuoni wa pwani, aliyefunzwa tangu utotoni kwamba riziki ni kipawa cha Mwenyezi Mungu wala haipimwi kwa jasho, asingalitatizika hapo. Angalitatizika mbele kidogo, nami natatizika naye: riziki ile imetoka katika fungu la kombe, naye hakuulizwa.

Akina mama wapitao na visu na vikapu humng'oa kombe, wakampasua, na kijikamba huchupa mchangani kikitafuta pa kuingia. Kombe alikuwa amekwisha kufumba kwa nguvu zake mwenyewe tangu alipoguswa. Hapakuwa na aliyemfinya.