Tafadhali ni neno la nani?

Vijana wetu wanaotafuta kazi kule Afungi wanauliza: hivi "tafadhali" kwa Kifaransa wanasemaje? Jibu ni fupi. S'il vous plaît, tamka "silvuple". Kwa rafiki au mtoto ni s'il te plaît. Kwa mkubwa au mgeni ndo hiyo ya vous. Hapo hakuna ugumu, maana na sisi wa pwani mkubwa hatumsemeshi kama rika letu.

Ugumu uko ndani ya neno. Ukilifungua linasema: "ikikupendeza". Nipe maji, ikikupendeza. Na isipokupendeza, je?

Dukani hilo ni pambo tu. Mwenye mkate anataka pesa, mwenye pesa anataka mkate, nani atajali? Lakini lipeleke neno hilo kwenye foleni ya mchele. Mama aliyekimbia Palma kwa miguu baada ya shambulio la Machi 24, 2021, jina lake limo kwenye orodha, amesimama juani toka asubuhi, akifika mbele aseme: ikikupendeza. Yaani chakula cha wanawe kinategemea moyo wa mtu aliyeshika kalamu umeamkaje leo. Hapo mimi nakataa.

Kiswahili kinatenganisha kuomba na kudai. Anayedai anafuata chake. Sasa mama yule anaomba au anadai? Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema aliyehamishwa ana haki ya kuomba na kupokea ulinzi na msaada kutoka kwa wenye mamlaka, wala asiadhibiwe kwa kuomba. Kuomba na haki vimekaa pamoja katika sentensi moja. Wengine wataona wanasheria wamechanganya mambo. Mimi naona wamepatia: mtu anaweza kuomba kwa adabu kitu ambacho ni chake. Akiomba vizuri, hiyo ni heshima yake mwenyewe. Akifoka kwa sababu watoto hawajala tangu jana, mchele wake haupungui hata kikombe.

Nasikia watu wakisema, eti wakimbizi hawajui kusema tafadhali. Basi tuliangalie na hilo neno. Limetoka Uarabuni, mzizi mmoja na fadhila. Mwarabu husema tafaddal anapokufungulia mlango, anapokuvutia kiti, anapokusogezea sahani: karibu, chukua. Ni neno la mwenye nyumba. Lilipofika kwetu ndipo tukamtwisha muombaji. Hata Wafaransa wana jirani anayewageuzia neno lao: Mbelgiji anayesema Kifaransa hukwambia s'il vous plaît akikukabidhi chenji yako au kikombe cha kahawa. Mwenye kutoa ndiye anayesema.

Kwa hiyo, kijana, jifunze silvuple yako, itakusaidia kazini. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mnapokabidhi ndoo, blanketi au kadi, tangulieni nyinyi kusema tafadhali. Hamhitaji semina. Kireno chenu kina faça favor, lile neno mtu analosema akimpisha mwenziwe apite kwanza. Tunawasikia mkiambiana hivyo kwenye milango ya ofisi. Lileteni na huku kwenye foleni.