Fedha ya Mfalme Aliyeondoka

Somo: Mathayo 22, mstari wa 15 hata wa 22.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno, katika usharika mmoja wa kando ya ziwa, si mbali na Mwanza, mama mjane alifika mbele ya altare akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Wengine walileta mihogo, mpunga, kuku na samaki wakavu. Yeye aliliweka fundo lake sahanini, akarudi mahali pake. Ibada ilipokwisha, wazee wakahesabu sadaka. Mhazini alipolifungua lile fundo akacheka, akasema, "Hizi si fedha." Nasi tulicheka pamoja naye, na jambo hilo twaliungama hapa.

Ndani mlikuwamo vipande tisa. Kimoja kilikuwa rupia ya Wadachi, yenye sanamu ya Kaizari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Viwili vilikuwa hela 20 za shaba, zilizofuliwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, meli zilipokuwa hazipiti. Vitatu vilikuwa shilingi za Afrika ya Mashariki, zile zilizoanza mwaka 1921: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili simba mbele ya milima. Viwili vilikuwa vya George wa Sita. Na kile cha mwisho, senti 10 yenye tundu katikati, ndicho kilichotushangaza kuliko vyote.

Sarafu zenye tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme, maana mahali pa kichwa palikuwa tundu. Ziliandikwa jina lake tu, pamoja na taji. Ile ya mama ilikuwa ya mwaka 1936, nayo iliandikwa jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alishika enzi Januari 20 mwaka ule, baba yake alipofariki, akaiacha Desemba 11 asijatiwa taji. Huko Uingereza fedha za kichwa chake hazikupata kutolewa kwa watu. Lakini hizi ndogo, kwa kuwa hazikungoja sanamu, zilikwisha kufuliwa zikaletwa huku. Hivyo mtu wa Ukerewe aliweza kununua kiberiti kwa jina la mfalme ambaye watu wa London hawakupata kukiona kichwa chake katika fedha zao.

Stempu nazo zilikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa stempu za pamoja, na ile ya senti 5 ilikuwa na picha ya jahazi katika ziwa hili letu, na kichwa cha George wa Tano. Mwaka 1938 ikatolewa tena: jahazi lile lile, maji yale yale, kichwa kingine. Baadaye akaja Malkia Elizabeth, mwaka 1952. Ukaja uhuru, mwaka 1961. Na mwaka 1966 zikatoka shilingi zetu wenyewe, zenye sanamu ya Mwalimu Nyerere. Kaizari hayuko tangu mwaka 1918, ila hela yake imebaki midomoni mwetu. Kila siku twaitaja, wala hatukumbuki ilikuwa ya nani.

Basi twauliza neno ambalo Mafarisayo hawakuliuliza. Walipomletea Bwana dinari, Kaisari Tiberio alikuwa hai, akidai kodi yake. Bwana akawaagiza wampe Kaisari kilicho chake, na Mungu kilicho chake. Lakini Kaisari akifa? Au akiondoka na askari wake, kama Wadachi walivyoondoka Mwanza Julai 1916? Vipande vyake arudishiwe nani? Hakuna avidaiye. Benki haivipokei. Nguvu ya sanamu ni ya mwenye sanamu. Naye akienda zake, kinabaki kipande cha madini.

Hatusemi wenye mamlaka wadharauliwe. Timotheo aliagizwa kwamba waombewe, na wazee wetu wa pwani ya ziwa walimwombea Kaizari, kisha Mfalme, kisha Malkia, kisha Rais. Wako wasemao kwamba kubadili jina hivyo katika sala ni unafiki. Sisi hatuoni hivyo. Mwenye kusikia sala hakubadilika.

Lakini mtu naye ana sanamu. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimwumba kwa mfano wake. Mwenye sanamu hii hafi wala haondolewi katika kiti chake; kwa hiyo haitakuja siku litakapotoka tangazo kwamba watu wa mwaka fulani hawatumiki tena. Ni kweli, dhambi imeikwaruza sanamu hiyo hata haisomeki. Ndiyo sababu Kristo alikuja, na katika ubatizo tulitiwa chapa upya, si kwa kustahili kwetu.

Tulipokuwa tukifikiri hayo, tumekishika kile kipande cha Edward, ndipo tulipomkumbuka mwenye kukileta. Wanawe watatu wako mjini, hawakuja kumwona tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nasi tulio wachungaji twawawekea viti vya mbele wale walioahidi mabati ya kanisa. Mhazini alisema hizi si fedha, na kwa habari ya fedha alisema kweli. Twaogopa kwamba neno lilo hilo tumelisema juu ya mama yule, kwa matendo.

Jumanne tulikwenda kwake pamoja na mhazini. Tulimwuliza kwa nini hakuwauzia wale wanunuzi wa vitu vya kale. Akajibu, "Baba Mchungaji, marehemu baba mkwe wangu alivificha chini ya mtungi kwa ajili ya siku ya shida. Shida zimekuja nyingi, na kila mara niliona bado si hii. Sasa nimezeeka, sitaki kufa ningali nimeficha kitu."

Mhazini akafungua daftari la sadaka, akaandika jina lake, kisha akatuuliza aandike kiasi gani. Tukamwambia aandike vipande tisa.