Diallo wa New York na machinga wa Ruangwa

Amadou Diallo alikuwa Muislamu kutoka Guinea, kijana wa miaka 23, akiuza soksi, glovu na kanda za video kando ya barabara mjini New York. Kwa lugha yetu, alikuwa machinga. Usiku wa Februari 4, 1999, polisi wanne Wazungu waliovaa kiraia walimfyatulia risasi 41 mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akiishi, eneo la Bronx. Risasi 19 zilimpata. Hakuwa na silaha, alikuwa na pochi tu. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia huru wote wanne.

Kisa hiki tumekieleza misikitini na madarasani mara nyingi, nami nimo. Alipouawa George Floyd mwaka 2020 tulikirudia. Humalizia kwa kumtaja Bilal bin Rabah (r.a.) na aya ya 13 ya Suratul Hujurat, kisha tukaenda majumbani tumeridhika kwamba maradhi hayo ni ya Marekani.

Je, ni kweli? Mimi ni mtoto wa Ruangwa. Kwa jirani zetu, Nachingwea, ndiko Waingereza walikoleta mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, mradi uliokufa mwaka 1951. Enzi hizo, Tanganyika nzima, mshahara na shule vilikwenda kwa rangi ya mtu. Babu zetu waliliona hilo kwa macho na walijua jina lake. Uhuru ulipokuja sheria zile zikafutwa, kama Marekani nayo ilivyofuta za kwake mwaka 1964. Lakini reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikang'olewa miaka ya 1960. Barabara ya Dar es Salaam ikawa inakatika kila masika, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003. Hapo hakuna Mzungu wa kumlaumu. Kijana wa kusini aliyefika Kariakoo bila mtaji, akabeba mashati begani, aliitwa machinga, na wengi husema neno hilo limetokana na Wamachinga, watu wa Lindi. Jina la watu likawa jina la mtu wa kukimbizwa na mgambo!

Wapo watakaosema huo ni umaskini tu, mioyo yetu ni safi. Ya moyoni anayajua Allah, sibishani nayo. Ninachouliza ni kama moyo safi unatosha. Abu Dharr (r.a.) ni miongoni mwa waliotangulia kusilimu, lakini siku alipomtukana mtu kwa asili ya mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Hadithi haituelezi moyo wake ulibadilika vipi. Inatuonyesha nguo: baadaye alikutwa yeye na mtumwa wake wamevaa vazi la namna moja, watu wakashangaa na kumuuliza sababu, ndipo akawasimulia kisa hicho.

Miaka michache iliyopita kijana wa kwetu, mswalihina, muuza nguo Kariakoo, aliniomba niwe mshenga wake. Baba wa binti ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, na Marekani ikitajwa hukasirika, tena kwa haki. Alinipokea vizuri, tukanywa kahawa. Kisha akasema: "Ustadh, sisi hatubagui. Lakini mtu wa kusini, tena machinga, nitawaambia nini ndugu zangu?"

Alinieleza hayo mimi, mtu wa Ruangwa, na wala hakusema kwa chuki. Nadhani alikwishasahau ninakotoka, kwa sababu ya kanzu na shahada. Ningeweza kumkumbusha Abu Dharr, kazi yangu ndiyo hiyo. Nilimaliza kahawa yangu, nikaaga.

Kijana alikuwa akinisubiri nje ya msikiti. Nilimwambia binti ameshaposwa na mwingine.