Mti Uliopukutika

Mwezi huu twauliza swali ambalo huenda likaonekana dogo: je, ni haki kumpa mtu jina la siku zake mbaya?

Atokaye Musoma kwenda Bunda mwezi wa Agosti, au apindaye njiani kuelekea Butiama, huona nchi ile ile aliyoiona mwezi wa Aprili, walakini kana kwamba imevuliwa nguo. Nyasi zimekuwa rangi ya mchanga, mawe makubwa ya vilimani yametokea wazi, na miti mingi imebaki matawi matupu. Ndipo husema, "Miti imekauka." Neno hilo twalisikia kila mwaka, na mara nyingi si kweli. Mti umepukutika tu. Majani yana vitundu vidogo mno ambamo maji hutoka kama mvuke. Basi mvua zikikoma, mti huyaachilia majani yake ili maji machache yaliyosalia yakae shinani na mizizini. Ukikwangua gamba kwa ukucha, utakuta ubichi chini yake.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mti mkavu ni kuni, wala hakuna amzuiaye mjane kuukata. Mti mbichi huhurumiwa. Kwa hiyo asemaye "umekauka" ametoa hukumu, na shoka hufuata nyuma ya neno. Si ajabu kuona mti umeangushwa mwezi wa Septemba, na utomvu ukitoka penye jeraha.

Hapa lugha nayo yatutatiza. Vitabu vingi vya Kiswahili vielezavyo habari za Ulaya huyaita majira ya kuanguka majani "vuli". Mtoto wa shule wa Bunda asomapo ya kuwa wakati wa vuli miti huwa mitupu, kisha akatazama nje mwezi wa Novemba, huona kinyume chake, maana vuli yetu ni mvua, na ndipo majani huchipuka. Miezi ni karibu ile ile, jina ni lile lile, na sura ya nchi ni mbali kabisa. Wengine wameandika "majira ya mapukutiko", nasi twaona wamefanya vema. Tena neno kupukutika lina uzito wake: husemwa juu ya majani, na husemwa juu ya watu wafapo wengi kwa tauni.

Huko Marekani, katika jimbo la Vermont, wenyeji wana jina lao la mitaani kwa majuma yale ambapo majani yamekwisha kuanguka na theluji haijaja bado. Huyaita majira ya vijiti. Mwimbaji wa huko, Noah Kahan, alitoa wimbo wenye jina hilo mwaka 2022, na jina likaenea mbali. Lina mzaha ndani yake, wala hatulilaumu. Walitumialo ni watu wakaao wenyewe katikati ya vijiti, nao wajua ya kuwa theluji itakuja, kisha majani.

Madaktari nao wameichunguza huzuni ya majira. Mwaka 1984 Dk. Norman Rosenthal na wenzake walieleza ugonjwa wa huzuni urudio kila mwaka siku zinapokuwa fupi, wakajaribu kuutibu kwa taa kali. Kwetu Musoma, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hata hatuwezi kulilaumu jua. Huzuni yetu ya kiangazi ina mizizi mingine: mwendo mrefu wa kutafuta maji, ng'ombe waliokonda, ghala inayopungua, na mtu ambaye kazi ya shamba imekoma akabaki na mawazo yake. Wala tusidhani kwamba huzuni hiyo ni upungufu wa imani. Martin Luther mwenyewe aliijua huzuni nzito. Na mwaka 1534 alimwandikia Joachim, mtawala wa Anhalt aliyelemewa nayo, akimshauri asikae peke yake, bali atafute wenzi wema na furaha iliyo halali.

Sasa tuyatazame maneno ya vijana wetu. Asiye na fedha husema "nimechacha" au "nimefulia". Ambaye ngozi yake imekosa mafuta, ikawa na weupe kama wa nchi yenyewe wakati wa kiangazi, huambiwa "umepauka". Kijana akisema "nimefulia" kati ya wenzake, wote hucheka, na mzigo wake huwa mwepesi. Labda mmoja atamnunulia chai. Walakini mwingine akisema juu yake, "Yule amefulia," neno lile lile laufunga mzigo mgongoni. Mzaha umekuwa hukumu. Baada ya hapo hapatikani amkopeshaye, wala amwitaye kazini, naye huanza kulisadiki jina.

Mtu atatuuliza, je, tuseme uongo? Tuuite mti mtupu mti wenye majani? Hasha. Iko miti iliyokufa kweli, na kuiita mizima ni kujidanganya. Lakini asemaye mwezi wa Agosti asema asilolijua. Mwezi wa Desemba, mvua zikiisha kunyesha, atasema kwa haki. Kiangazi chako mwenyewe waweza kukipa jina lolote upendalo. Cha mwenzako, kwangua gamba kwanza.

Watu wa Mara wamejua tangu zamani kuyatia majira katika majina. Wambura ni jina la mvua. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922 siku ya mvua kubwa, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki; akalichukua miaka 77, masika na kiangazi.

Na mnyaa wa uani je? Huo karibu hauna majani mwaka mzima, na vijiti vyake vya kijani ndivyo vifanyavyo kazi ya majani. Hakuna auitaye mkavu, kwa sababu tumekaa nao.

Wasomaji wetu wenye kusema Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kiikizu, kama kwenu liko neno moja la mti uliopukutika na haujafa, tafadhali tuandikieni, pamoja na maelezo ya jinsi wazee walivyolitumia.